Babu Mwenye Pembe

Babu yangu aliota pembe miaka kumi na tano baada ya kufa, na aliyezipachika ni mimi. Nilizichagua kati ya aina kumi na mbili, nikazipinda kidogo kwa nyuma zisije zikaonekana za mbuzi, nikampaka usoni rangi ya majivu, nikampa ndevu. Kisha mashine ikaniuliza huyu mtu anaitwa nani. Nikaandika jina la babu.

Jina lenyewe silitaji hapa. Lina wenyewe, na hao wenyewe wana maneno mengi.

Mashine ninayoisema ni ya gemu, ile ya kuunganishwa na televisheni. Hapa mtaani Komarock, Nairobi, ukisema una gemu nyumbani watu wanadhani ni mpira, kwa sababu kila mtu anacheza mpira, ndugu yangu mdogo akiwa mstari wa mbele. Mimi mpira sichezi. Mimi nacheza ile michezo ya majoka na mapanga, ambayo unamuumba mtu kuanzia kidole cha mguu, unamtia katika nchi isiyokuwepo, kisha unaishi naye miezi na miaka. Yangu ni ya mfululizo. Nilianza na ya kwanza, nikamaliza ya pili, na huyu babu nilimuumba katika ya tatu. Mchana nauza mapazia Eastleigh. Nikirudi, mimi ni mtu wa pembe.

Kuhusu jina, kisa ni hiki. Kwetu Magharibi mtoto hupewa jina la aliyetangulia. Jina la mtu aliye hai haligawiwi, na jina la mwanamume haendi nalo msichana. Mimi nilizaliwa babu akiwa mzima, tena msichana, kwa hivyo nilikuwa na makosa mawili kabla sijafumbua macho. Lakini ni mimi niliyeletwa Nairobi kwa babu nisome. Niliishi naye katika chumba chake cha Kaloleni tangu darasa la kwanza, yeye akienda kazini reli na mimi shule, na jioni nilimvua viatu kwa sababu mgongo ulikuwa hautaki kuinama. Alifia humo humo chumbani akiwa amebakiza miezi michache astaafu. Mimi nilikuwa shuleni, na nyanya yangu alikuwa nyumbani Magharibi akipalilia mahindi. Alipomwona tena, mzee alikuwa tayari ndani ya sanduku.

Mwezi uliofuata binamu yangu alijifungua mvulana, na jina likaenda huko. Nilimtazama yule mtoto mwekundu, asiyejua hata babu alikuwa mnene au mwembamba, nikamwonea wivu mbaya. Sikumwambia mtu. Sasa nina miaka thelathini na mitatu, mtoto sina, na kila Desemba naulizwa nangoja nini. Basi siku mashine iliponipa mtu wangu mwenyewe na kuniuliza nimwite nani, sikufikiri hata dakika moja.

Nilimjenga vizuri, hilo nitalisema bila haya. Kumjenga mtu wa gemu ni kama kupika pilau katika sufuria ndogo: ukizidisha nyama, mchele haupati nafasi. Kila ngazi unayopanda unapewa alama tatu tu, na sifa za kuzigawia ni nyingi: Nguvu, Wepesi, Uchawi, Upishi, Ulimi, Bahati. Watu wengi hutupa kila kitu kwenye Nguvu, wanazunguka nchi nzima wakipiga watu rungu. Mimi nilimfanya mchawi wa moto anayejipikia. Alichoma adui kutoka mbali, akichoka anakaa chini, anapika supu ya uyoga, uhai unarudi. Hesabu zake niliziandika nyuma ya daftari la vipimo vya mapazia, na kuna mteja mmoja aliwahi kukatiwa pazia fupi kwa sababu hiyo.

Ulimi sikuupa hata alama moja. Ulimi ni wa kuongea na watu, na watu mimi naongea nao dukani siku nzima.

Halafu kuna historia ya nchi yenyewe, ambayo ndiyo ugonjwa wangu hasa. Ndani ya gemu kuna vitabu, vimewekwa kwenye rafu za wafalme na chini ya vitanda vya wavuvi, na wachezaji wenye haraka hawavigusi. Mimi nimevisoma vyote. Najua kwa nini Watu wa Pembe hawali sahani moja na Watu wa Miti tangu Vita vya Kisima. Najua Joka Mama, adui wa mwisho, alitoka yai gani na nani alimkata ulimi. Ndugu yangu husema ningesoma vitabu vya shule hivyo ningekuwa daktari, na angalau familia ingepata mtu wa kutibu watu.

Babu, lakini, alikuwa akifa sana. Nchi ile ina mashimo, sumu, na nyuki wakubwa kama kuku. Akifa, nabonyeza, mashine inamrudisha pale nilipomsevu, yaani nilipomhifadhi, mara ya mwisho, tunaendelea. Kwangu ilikuwa sawa na kukosea namba ya simu ukapiga tena.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiishi Kukhu alipokuja. Kukhu ndivyo tunavyowaita nyanya kwetu, na huyu ndiye yule mjane wa babu. Alikuwa na mtoto wa jicho, akaja kufanyiwa upasuaji, na daktari akasema akae Nairobi wiki sita akitiwa matone mara nne kwa siku. Tukampa chumba changu. Mimi nikahamia kwenye kochi.

Siku aliyotoka hospitali ilikuwa Jumamosi, na Jumapili alasiri alikuwa amejilaza kochini, jicho limefunikwa pamba, sisi tukidhani amelala. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali. Ndugu yangu alikuwa ameshika gemu yangu bila ruhusa, kama kawaida yake, na mara nikamsikia akiniita kutoka sebuleni. Alitaja jina la babu, lote, la kuzaliwa na la ukoo, kisha akaendelea:

"Siz, huyu buda wako amededi tena. Ameanguka kwa shimo akitafuta uyoga."

Mwiko ulinikwama mkononi. Nilipofika sebuleni Kukhu alikuwa ameketi wima.

"Nani amekufa?"

"Hakuna mtu, Kukhu," ndugu yangu akasema. "Ni gemu tu."

"Nimesikia jina la mzee wangu. Amekufa?"

"Ni wa gemu, Kukhu. Siyo yeye yeye."

"Amekufa mara ngapi?"

Ndugu yangu ana kasoro nyingi lakini hajui kusema uongo. Alifikiri kidogo. "Leo, ama kwa jumla?"

Kesho yake tulienda kliniki, pamba ikatolewa, na Kukhu akaambiwa asubiri macho yazoee mwanga. Hakusubiri. Tulipofika nyumbani alivuta kiti mpaka mbele ya televisheni, akakaa na kibeti chake magotini, akasema nimwonyeshe. Nikawasha. Babu akatokea amesimama juu ya kilima, upepo unampeperusha joho.

Kukhu alimtazama kwa jicho lake jipya muda mrefu sana.

"Mzee hakuwa na pembe," alisema mwishowe.

"Ni kabila lake, Kukhu. Huko wote wanazo."

"Wanaoa wapi?"

"Wanaoana wao kwa wao. Na Watu wa Mto kidogo."

Akaitikia kwa kichwa, hilo lilimwingia. "Na anafanya kazi gani?"

Hapo ndipo ningepaswa kunyamaza. Lakini nilikuwa na hofu, na mimi nikiogopa husema kweli. Nikamwambia ni mchawi.

Kwa mtu wa Nairobi hilo ni neno la kitabuni. Kwetu kijijini watu wamechomewa nyumba kwa neno hilo. Kukhu hakunipigia kelele, ingekuwa afadhali. Alisema kwamba aliishi na yule mtu karibu miaka arobaini, na mwaka mmoja jirani alifiwa na ng'ombe akamsingizia mzee maneno hayo hayo, na mzee akachukua likizo reli, akasafiri, akaenda mpaka kwa chifu kusafisha jina lake mbele ya watu. "Akalisafisha," akasema. "Sasa mjukuu wake mwenyewe ndiye anamrudisha kule."

Nilitamani kochi linimeze. Nilitaka kueleza kwamba moto wenyewe ni wa ngazi ya juu na umepatikana kwa jasho, lakini nikaona haitasaidia.

"Mtoto akipewa jina asitulie, analia mchana na usiku, jina huondolewa," Kukhu akaendelea. "Limemkataa. Huyu wako anakufa kila siku. Liondoe."

Nikamweleza kwamba gemu ile hairuhusu kubadilisha jina. Ukitaka kuondoa jina inabidi umfute mtu mwenyewe, na miaka yake mitatu, na kila alichowahi kufanya. Na hapo nikamweleza na lile jingine, kwa sababu lilikuwa limeshafika kooni: yule mtoto mwekundu wa binamu, na wivu, na viatu vya kila jioni, na kwamba jina hili lilikuwa langu kuliko la mtu yeyote na nisingeweza kulipata popote isipokuwa humu. Nilisema vibaya, kwa kukatakata, nikitazama zulia.

Kukhu alifungua kibeti chake, akakifunga tena. "Basi aishi," akasema. "Lakini aishi kama mzee alivyoishi. Na asife tena. Akifa mara moja tu, unamfuta mbele yangu."

"Na nikimrudisha kabla hujaona?"

"Mtu hufa mara moja. Maji yakimwagika hayazoleki. Hiyo ya kumfukua mtu kila siku kama muhogo, sitaki kuisikia."

Nikakubali. Ningefanya nini?

Katika nchi ile kuna mtawa anayekaa juu ya mwamba, na ukimpelekea maua fulani anakupa dawa ya kusahau. Mtu wako akiinywa, alama zote alizowahi kupata zinarudi mkononi mwako uzigawe upya. Nilikuwa nimeapa sitaitumia, maana bildi yangu, ule mgawanyo wa alama, ilikuwa imekamilika. Jumatano alasiri, siku yangu ya kufunga duka mapema, nikampeleka babu kwa mtawa. Akanywa. Kukhu akaanza kunipangia mgawanyo mpya, ndugu yangu ameegemea mlango akitafuna mkate.

Uchawi: hakuna. Hilo halikuwa na mjadala.

Wepesi: hakuna. "Mzee hakukimbia hata mvua ikimnyeshea. Alisema ukikimbia unakutana na matone mengine mbele."

Upishi nilijaribu kuutetea, kwa sababu bila supu asingeweza kujiponya. "Mzee alijua kupika nini?" Kukhu akauliza.

"Chai," nikasema. "Kaloleni alikuwa ananipikia chai."

"Alikuwa anaweka majani mangapi?"

Nikakumbuka ile chai, nikauondoa Upishi.

Nguvu alikubali kidogo, ya kubebea mizigo tu, kwa sababu mzee akija likizo alikuwa akibeba mablanketi, sufuria na kila kitu ambacho reli haikukihitaji tena. Kila kilichobaki, karibu alama zote, Kukhu akasema niweke kwenye Ulimi. "Mzee alikuwa na mdomo. Wewe ulimjua amechoka. Mimi nilimjua akiwa na mdomo."

"Sasa huyu buda akipatana na zimwi atalifanya nini?" ndugu yangu akauliza.

"Atalisalimia," Kukhu akajibu. "Maneno matamu humtoa nyoka pangoni."

Nilitazama kazi yangu ya miaka mitatu: mzee wa pembe, asiyeweza kukimbia, kupigana, wala kuchemsha uyoga, mwenye mfuko mkubwa na mdomo. Ndugu yangu alicheka mpaka mkate ukampalia. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Jaribio la kwanza lilikuwa majambazi wa darajani. Zamani nilikuwa nawachoma wakiwa bado ng'ambo. Sasa babu alitembea polepole mpaka puani mwao, na maneno ya kuchagua yakatokea chini ya skrini. Yameandikwa Kiingereza, kwa hivyo nilimtafsiria Kukhu. La kwanza: nipishe au ufe. La pili: chukua pesa. La tatu: kimbia.

"Hakuna la kumuuliza ametoka ukoo gani?" Kukhu akasema.

Nilikuwa nimejiandaa kumcheka, lakini lilikuwepo. Lilikuwa chini kabisa, mahali ambapo miaka yote mitatu niliona mstari wa kijivu usiobonyezeka. Kwa sababu ya Ulimi wa babu, sasa ulikuwa umewaka. Nikabonyeza. Jambazi akasema yeye ni mtoto wa tatu wa mfinyanzi wa Bonde la Chini na mama yake anaumwa. Kukhu akasema nimwambie pole. Hilo nalo lilikuwepo. Dakika kumi baadaye tulikuwa tumevuka daraja, jambazi ametuzawadia mbuzi, na babu hajakunjwa hata joho.

Kwa wiki nne tulizunguka nchi ile tukiongea. Ile mistari ya kijivu ya gemu yangu iliwaka mmoja mmoja, na nyuma ya kila mmoja kulikuwa na watu niliowahi kuwachoma bila kujua kwamba wana shangazi. Kukhu alikuwa na utaratibu: kwanza salamu, kisha ukoo, kisha pole au hongera, na haja yako unaitaja mwisho kabisa, kana kwamba umeikumbuka ukiwa umeshafika mlangoni. Mazimwi mengi hayakuweza kuvumilia hadi mwisho. Yalitupa tulichotaka ili tuondoke.

Nikimtia matone ilibidi afumbe macho dakika tano, na katika dakika hizo nilimsomea vile vitabu vya historia. Nilijivunia sana kumweleza Vita vya Kisima, jinsi Watu wa Pembe na Watu wa Miti walivyouana kwa ajili ya maji. Akasikiliza macho yamefumbwa.

"Hapo hakuna vita vya kisima," akasema. "Hapo ni mpaka wa shamba. Walizikwa kina nani upande wa mashariki?"

Nikamwambia vitabu havisemi. Kisha nikajirudi, kwa sababu kimoja kinasema, kile cha mchunga mbuzi, ambacho nimekisoma mara nne: upande wa mashariki wa kisima kuna makaburi matano, na mawe yake yana alama ya mti. Tukaenda. Babu akawauliza wazee wa Miti habari ya makaburi yale, kwa mstari mwingine wa kijivu uliowaka, na mzee mmoja akalia, na sahani zikaanza kuliwa pamoja baada ya uhasama wa gemu tatu. Sijawahi kusikia mchezaji mwingine aliyefika hapo. Nilijisikia mjinga na mwenye furaha kwa wakati mmoja.

Kulikuwa na jambo moja nililokuwa nimemficha. Zamani, kabla Kukhu hajaja, nilikuwa nimemwoza babu kwa mwanamke muuza dawa wa mji wa Watu wa Mto, kwa sababu ukioa pale unapata dawa bure. Siku tuliyopita mji ule nilijaribu kumzungusha kwa njia ya nyuma, lakini mke akatoka mlangoni akasema mpenzi umerudi, supu iko jikoni. Ile sauti ilijaa sebule nzima.

"Amesema nini huyo?" Kukhu akauliza.

Nikatafsiri. Ndugu yangu alitoka nje, nikamsikia akicheka barazani.

Kukhu alifikiria jambo lile kwa utulivu kuliko nilivyostahili. Akauliza kama wana watoto. Hawana. Akauliza kama mwanamke analima. Nikasema anauza dawa. Akasema angalau ana kazi yake. "Mwambie mzee asilale hapo zaidi ya siku mbili," akaamua, na tangu hapo akawa anamwita mwanamke yule 'mke mwenzangu', na kuulizia kama duka lake linaendelea.

Jumapili ya nne tulichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mwanamume, na ndugu yangu ameila tangu ana meno. Alinyoosha mkono kama kawaida, Kukhu akamgonga kidole kwa kijiko.

"Hiyo ni ya mzee."

"Mzee gani, Kukhu? Huyo wa tivii? Hata mdomo hana."

"Mdomo ndio anao. Atakula aliyempa jina."

Basi nikala firigisi ya kwanza maishani mwangu, kwa niaba ya mtu wa pembe, ndugu yangu akinitazama kwa macho ya mtu aliyedhulumiwa urithi. Miaka yote nilidhani ni kitu cha ajabu. Ni ngumu, na inakwama kwenye meno. Niliila yote polepole.

Wiki ya sita kliniki ilisema jicho limepona na Kukhu akakatiwa tiketi ya basi la Jumanne. Kwa hivyo Jumapili baada ya kanisa ndiyo ilikuwa nafasi yetu ya mwisho, na tulikuwa tumefika chini ya mlima wa Joka Mama. Babu alikuwa hajafa hata mara moja. Nikamsevu kando ya moto wa kambi.

Nilikuwa na neno la kusema, na nililisema. Joka Mama alikatwa ulimi na wafalme tisa mwishoni mwa gemu ya pili. Najua hilo kuliko ninavyojua namba yangu ya kitambulisho. Na mtu asiye na ulimi huongei naye. Nilimwambia Kukhu tunaweza kuishia hapa hapa, hakuna atakayetulaumu.

"Mzee hakuwahi kurudi nyumbani kabla ya shifti kuisha," akasema.

Na mimi, lazima nikiri, nilikuwa nimeanza kuamini. Baada ya majambazi na makaburi, niliamini kwamba juu kule kuna mstari mmoja wa kijivu uliotungojea sisi. Tukapanda.

Pango lilikuwa kubwa kuliko skrini. Kitu kikajikunjua ndani ya giza, kikatoka, na bado kikawa kinatoka.

"Haya," ndugu yangu akasema taratibu, "nyoka ametoka pangoni. Sasa?"

"Msalimie," Kukhu akasema.

Nikabonyeza. Babu akainua mkono. Chini ya skrini hapakutokea neno lolote, la kijivu wala jeupe. Joka likatazama ule mkono, likafumbua kinywa, na moto ukajaa kila mahali. Nilibonyeza kila kitu kilichobonyezeka. Hakuwa na mbio za kukimbia, wala uchawi wa kujikinga, wala supu. Moto ulipopungua alikuwa amelala ubavu, na majivu yanamwangukia polepole kama gemu ile inavyopenda kufanya mtu wako akifa.

Ndugu yangu alivua kofia.

Ahadi ni ahadi. Niliacha yale maandishi yanayouliza kama unataka kumrudisha, nikaenda kwenye orodha, nikalifikia jina lake, nikachagua kufuta. Mashine ikauliza kama nina uhakika. Sikuwa na uhakika wowote. Machozi yalikuwa yananitoka, mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, na niliona haya, na sikuweza kuyazuia. Nikaweka kidole gumba juu ya kitufe.

"Ngoja," Kukhu akasema.

Alikuwa ameinama kuelekea televisheni.

"Ile ya kumrudisha. Yale maandishi ya kuuliza. Bado yapo?"

"Yapo, Kukhu. Lakini ulisema mtu hufa mara moja."

"Nilisema," akajibu. "Alipokufa Kaloleni, mimi sikuulizwa. Mrudishe."

Nikarudi nyuma, nikabonyeza. Skrini ikawa nyeusi, kisha moto wa kambi ukatokea, na babu amesimama kando yake, anajipangusa joho, mlima uko nyuma yake.

"Hapo ni kabla?" Kukhu akauliza.

"Ni kabla."

"Hajapanda bado."

"Bado, Kukhu."

"Basi mwache hapo hapo."

Akavuta kiti chake mbele, karibu mpaka magoti yakagusa meza ya televisheni. Akamsalimia kwa lugha ya nyumbani. Kisha akaanza kumweleza: kwamba mahindi aliyokuwa akipalilia mwaka ule wa msiba yalitoka mazuri, kwamba paa la jikoni limebadilishwa, kwamba kitindamimba wao ameacha pombe, au anakaribia. Ndugu yangu alinigusa bega, tukaenda jikoni kuosha vyombo.